Maswali Yenu: Roki Jukwaani, Vichekesho Vitabuni

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa aina mbili: wanaokwenda kuzisikiliza bendi za roki ana kwa ana, na wanaosoma riwaya za fantasia za kuchekesha. Wachache wamo kote kuwili, nao tumewawekea majibu yao karibu na mwisho. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeyaacha yajieleze.

Ndugu Mhariri, kila nikitoka kwenye tamasha masikio hunilia mpaka kesho yake. Rafiki zangu wanasema ni kawaida. Mmoja wao hujaza karatasi ya chooni masikioni. Je, vizibo vya masikio si vitaharibu muziki?

Kuwapata wengi hakulifanyi jambo kuwa salama. Mlio huo ni dalili kwamba seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ishara ya neva, zimeelemewa. Mara nyingi hali hutulia baada ya siku moja au mbili. Lakini seli hizo zikifa hazioti tena, na mlio unaweza kukaa nawe maisha yako yote.

Tazama hesabu yenyewe. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inashauri mtu asipitishe saa 8 kwenye sauti ya desibeli 85. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, na 100 ni dakika 15. Tamasha la roki kwa kawaida huchezea kati ya 100 na 110. Kwenye desibeli 103 una dakika 7 na nusu tu, yaani nyimbo mbili fupi na posho yako ya siku nzima imekwisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kinachotaka kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15, na wasikilizaji wapewe vizibo na mahali patulivu pa kupumzishia masikio. Hata ukumbi unaotii kiwango hicho bado unakuhitaji uzibe masikio.

Karatasi ya chooni itupe. Inapunguza desibeli chache sana, na vipande vyake hubaki ndani ya sikio. Vizibo vya kweli viko vya namna mbili. Vya sponji ni rahisi na vinazuia sana, lakini vinakata sauti nyembamba kuliko nene: matoazi na maneno ya mwimbaji hufifia, besi inabaki. Ndiyo maana watu husema vizibo vinaharibu muziki. Vyenye kichujio, vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, hushusha sauti zote karibu kwa kiasi kimoja, desibeli 15 hadi 20 hivi, na wimbo unabaki na sura yake. Kikishusha 18, zile 103 zinakuwa 85, na umerudi kwenye saa 8. Kikiwa kimekaa vibaya na kikashusha 12 tu, unabaki na 91, yaani saa 2, ambazo huenda zisifike mwisho wa tamasha.

Kwa hiyo namna ya kuvaa ndiyo yenye uzito. Cha sponji kiviringishe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba na kisiwe na mkunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, kisukume ndani, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole sekunde 20 hadi 30 kipanuke. Sema neno lolote: sauti yako ikisikika nzito na ya ndani ya kichwa, kimekaa. Mwenzako akikiona kimechomoza nje, toa uanze upya. Vaa kabla ya kuingia ukumbini, wala usivitoe ili kuzungumza. Dakika chache bila kizibo zinafuta kazi ya saa nzima. Mlio ukidumu zaidi ya siku mbili tatu, au sikio moja likazimika ghafla, muone daktari wa masikio upesi, usisubiri lipone lenyewe.

Kaka Mhariri, nilipata nafasi ya mbele kabisa, nimeegemea kizuizi. Ngoma na gitaa zilinifika barabara, lakini mwimbaji nilimwona akifungua mdomo tu. Mafundi walikosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Sauti ya mwimbaji hutoka kwenye spika kubwa zilizoning'inizwa kushoto na kulia, ambazo zimeelekezwa kwa watu walio nyuma yako. Inakupita juu ya kichwa. Wewe wa mbele unapata kinachotoka jukwaani penyewe: ngoma, ambazo hazihitaji umeme ili zikufikie, na amplifaya za magitaa zilizo nyuma ya wapigaji. Kumbi zilizopangwa vizuri huweka spika ndogo ukingoni mwa jukwaa kwa ajili ya safu za mbele. Ukiziona, simama mkabala na mojawapo.

Ukitaka kuisikia bendi kama inavyokusudiwa isikike, mtafute fundi wa sauti. Huyo huwa na meza yake katikati ya ukumbi, mbali kidogo na jukwaa, ndani ya uzio mdogo. Kila kitasa anachokizungusha anakipima kwa masikio yake pale pale aliposimama. Kaa mbele ya uzio wake au ubavuni. Kwa maoni yetu hapo ndipo mahali bora kuliko pote kwa mtu aliyekuja kusikiliza, na ukiwa umeupa uzio mgongo, hakuna wa kukusukuma kutoka nyuma.

Besi nayo ina visa vyake. Spika za besi zikiwa mbili, kushoto na kulia, mawimbi yake hukutana, na mahali pengine huongezeana, pengine huuana. Noti ya hezi 60, yaani mitikisiko 60 kwa sekunde, ina wimbi la urefu wa mita 5.7 hivi. Ukisimama mahali ambapo spika moja iko karibu nawe kuliko nyenzake kwa mita 2.85, mawimbi yanakufikia yakiwa kinyume na noti hiyo inazama. Kwenye mstari wa katikati yanafika pamoja na besi inajaa. Pembeni mwa ukuta na kwenye kona hujaa kupita kiasi. Kwa hiyo besi ikipotea au ikikuzidi, usimlaumu fundi kabla hujasogea hatua mbili tatu. Chini ya roshani epuka: sauti nyembamba haziingii vizuri kule nyuma.

Na kwa walioandika kwamba uwanjani walimwona mpiga ngoma akipiga kabla hawajasikia: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ukiwa mita 100 kutoka jukwaani inachelewa karibu theluthi ya sekunde. Vifaa havina ubovu wowote.

Mhariri, mimi ni msichana mfupi na napenda kuwa karibu na jukwaa, ila naogopa kubanwa. Nifanye nini nikikwama?

Dada, hofu yako ina sababu. Tarehe 3 Desemba 1979 watu 11 walikufa kwenye milango ya ukumbi mjini Cincinnati, Marekani, kabla ya onyesho la bendi ya The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, na kila mtu alitaka kuwahi mbele. Tarehe 30 Juni 2000 wengine 9 walikufa mbele ya jukwaa kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, bendi ya Pearl Jam ikiwa inapiga. Katika mbano wa namna hiyo kinachoua hasa ni kifua kukosa nafasi ya kupanuka na kuvuta hewa. Mtu anaweza kufa akiwa amesimama.

Watu wanne katika mita moja ya mraba bado wanaweza kusogea. Wakifika sita, umati huanza kwenda kama maji, na mwili wako hauamui tena uende wapi. Dalili zipo kabla ya hatari yenyewe: unaguswa na watu pande zote kwa wakati mmoja, huwezi kuinua mkono ugusie uso, na mawimbi ya kusukumwa yanapita bila wewe kujua yameanzia wapi. Dalili ya kwanza ndiyo saa ya kutoka. Wengi hungoja wimbo uishe, na hapo ndipo hukwama.

Ukiwa tayari umebanwa, inua mikono mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, viwiko vikiwa vimetanuka kidogo, ili mbavu zibaki na nafasi. Mguu mmoja utangulie. Usishindane na wimbi linapokuja, litakumaliza nguvu. Likishapita kuna sekunde kadhaa za ulegevu: tumia hizo kusogea kimshazari kuelekea pembeni, kidogo kidogo, wimbi baada ya wimbi. Usipige kelele bila sababu, hewa hiyo unaihitaji. Simu ikianguka, iache. Ukiwa karibu na kizuizi, inua mikono yote miwili na uwatazame walinzi. Kazi yao mojawapo ni kukuvuta juu na kukupitisha upande wao. Ukianguka na ukashindwa kuinuka, lala ubavu, magoti yavute kifuani, mikono ifunike kichwa. Kulala chali au kifudifudi kunaacha kifua bila kinga.

Kwa kimo chako, usikae katikati ya mbele. Chagua pembeni, karibu na mwisho wa kizuizi: unaona jukwaa kwa mshazari na njia ya kutokea iko jirani. Kama kuna kizuizi cha pili kinachogawa umati, safu ya kwanza nyuma yake ni nzuri kuliko safu ya tano ya mbele, kwa sababu hakuna vichwa mbele yako kwa hatua kadhaa.

Usichanganye mbano na lile duara la kusukumana ambalo mashabiki wa roki nzito hulifungua wenyewe. Duara lina nafasi, na lina adabu yake: anayeanguka huinuliwa papo hapo, hakuna anayekuja na vyuma vyenye ncha, na asiyetaka kushiriki haburutwi. Ukiona watu wanarudi nyuma na kuacha uwazi katikati, ama unaingia ama unahama. Anayeganda ukingoni ndiye anayepigwa viwiko. Funga kamba za viatu mara mbili, na miwani iache salama.

Jambo la mwisho, la ukumbi wa ndani. Tarehe 20 Februari 2003, kwenye klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani na watu 100 wakafa. Wengi walikimbilia mlango wa mbele walioingilia, wakabanana wenyewe pale. Ukiingia ukumbi wowote, tafuta mlango wa pili kwa macho yako kabla taa hazijazimwa.

Nimesikia sifa za mwandishi Terry Pratchett na fantasia zake za kuchekesha, lakini vitabu vya mfululizo wake wa Discworld ni 41. Lazima nianze na cha kwanza?

Hapana, na tunakushauri usianze nacho. The Colour of Magic cha mwaka 1983 kinatania hadithi za kale za mashujaa wa upanga na uchawi. Asiyezijua hukosa nusu ya utani, na kinakatika mahali pabaya mpaka usome cha pili, The Light Fantastic cha 1986. Pratchett mwenyewe alizidi kunoga baadaye, alipoanza kutania jinsi watu wanavyoishi: polisi, benki, magazeti, posta, dini.

Dunia yake ni sahani inayobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kobe mkubwa angani. Ukijua hilo, unaweza kuingilia popote penye mwanzo wa mkondo, yaani kundi la vitabu vyenye wahusika wale wale. Mkondo wa askari wa jiji huanza na Guards! Guards! (1989), kisha Men at Arms (1993) na Feet of Clay (1996). Huu ufuate kwa mpangilio, kwa sababu wahusika wanapanda vyeo, wanaoa, wanabadilika. Ukirukia Night Watch (2002) bila kumjua Vimes, mkuu wa askari hao, unajinyima kitabu ambacho kwetu ndicho bora katika mfululizo wote. Mkondo wa Mauti, yaani kifo chenyewe kikiwa mhusika, huanza na Mort (1987). Wa wachawi wa kike unaingilika vizuri kupitia Wyrd Sisters (1988). Asiyetaka kujifunga na mkondo wowote achukue Small Gods (1992), kinachojitegemea, au Going Postal (2004), kinachoanza na tapeli kunyongwa bila kufa, kisha kupewa kazi ya kufufua posta.

Soma mpaka ukurasa wa 100 kabla ya kuamua. Visa vyake huanza vikiwa vimetawanyika, na hufungamana taratibu.

Nasoma hizi riwaya za fantasia za kuchekesha na sicheki. Tatizo ni mimi?

Tatizo mara nyingi ni mwendo. Msomaji wa fantasia ya kawaida huzoea kuruka maelezo ili awahi vita. Katika riwaya za kuchekesha utani umekaa humo humo kwenye maelezo, na hasa mwishoni mwa sentensi: mwandishi anakupeleka kwa sauti ya uzito, halafu maneno matatu ya mwisho yanaigeuza sentensi nzima. Ukipepesa macho, umeikosa. Soma kurasa mbili kwa sauti na utaona zinakoanguka pumzi.

Tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa, zisome palepale nyota inapotokea. Za Pratchett hazikuwekwa kwa ajili ya wasomi. Ni sehemu ya utani, na zikisomwa baada ya sura kwisha zimepoa. Na kusubiri sura yenyewe huenda ukasubiri sana, kwani vitabu vyake vingi vya Discworld havina sura, vina nafasi tupu tu kati ya tukio na tukio. Mauti anapozungumza, maneno yake huchapwa kwa herufi kubwa bila alama za kunukuu. Hilo likupe sauti yake kichwani.

Sababu nyingine ni kutojua kinachotaniwa. Wyrd Sisters inategemea tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare. Muhtasari wa dakika kumi unakutosha. Lakini usiwe mtu wa kusimama kila mstari kuwinda marejeo. Mwandishi mzuri huhakikisha tukio linachekesha hata kwa asiyejua chanzo, na uwindaji unaua mwendo, ambao ndio tulioanza nao.

Mimi husikiliza vitabu nikiwa safarini. Tanbihi zinasomwaje?

Inategemea toleo. Katika matoleo mapya ya sauti ya Discworld yaliyoanza kutoka mwaka 2022, Bill Nighy husoma tanbihi na Peter Serafinowicz ni sauti ya Mauti, kwa hiyo unajua mara moja umetoka kwenye hadithi na kuingia kwenye tanbihi. Usiongeze kasi ya kusikiliza. Ukimya wa nusu sekunde kabla ya neno la mwisho ni sehemu ya utani.

Je, kuna riwaya ya fantasia ya kuchekesha inayohusu roki yenyewe?

Hili ndilo swali tulilokuwa tukilingojea. Soul Music ya Pratchett (1994) ni roki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpiga kinubi kijana anafika jijini, chama cha wanamuziki kinamdai ada asiyoweza kuilipa, anapata gitaa kwenye duka la ajabu, na muziki unaanza kumpiga yeye badala ya yeye kuupiga. Kwenye ngoma yupo jitu la mawe linalogonga mawe. Waliowahi kuhangaika na bendi watamtambua meneja anayekula fedha zote, na wanaokwenda matamashani watautambua umati. Kabla ya kukifungua, soma kidogo kuhusu mwanamuziki wa roki Buddy Holly na ajali ya ndege iliyomuua tarehe 3 Februari 1959. Ukijua hilo, kicheko kinachanganyika na simanzi mahali ambapo mwandishi alitaka kichanganyike.

Kings of the Wyld ya Nicholas Eames (2017) inafanya jambo lingine: makundi ya mamluki wa kupigana na madubwana yanaishi kama bendi za roki, yana viongozi wa mbele, mawakala na mashabiki, na kundi moja la wazee linakusanyika tena kwa safari ya mwisho. Humo mapigano ni mengi kuliko vichekesho, jiandae kwa damu. Good Omens, alichoandika Pratchett pamoja na Neil Gaiman (1990), kina kanda za gari ambazo zikiachwa humo wiki mbili hivi hugeuka zote kuwa mkusanyo wa nyimbo bora za bendi ya Queen. Na anayetaka kusikia badala ya kusoma atafute albamu ya Wintersmith ya Steeleye Span (2013), bendi ya Uingereza inayochanganya roki na nyimbo za jadi, iliyotungwa kutokana na riwaya ya Pratchett yenye jina hilo hilo. Mwandishi mwenyewe anasikika ndani yake.

Naweza kwenda na kitabu kwenye tamasha? Kusubiri kunachosha.

Unaweza, na muda upo. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi mara nyingi ni ya kufungua milango tu. Kati ya bendi na bendi kuna dakika 20 hadi 30 za kubadilisha ngoma na nyaya. Angalia kwanza ukubwa wa mfuko unaoruhusiwa. Kumbi nyingi zinakataa mabegi ya mgongoni. Chukua chenye jalada laini kinachoingia mfukoni, cha visa vifupi vinavyokatika bila maumivu. Kisomee foleni na kwenye viti. Mbele ya kizuizi usikitoe: taa ni hafifu, mikono inapaswa kuwa huru, na bendi ya kwanza ikipanda jukwaani inastahili macho yako hata kama hukuja kwa ajili yake. Kitie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kwa sababu vinywaji humwagika na jasho la umati hulowesha kila kitu.